Gari Jepesi, Springi Ngumu

Gari la kwanza nililolimiliki maishani mwangu lilikuwa na uzito wa kilo 940, lilikuwa na viti viwili, na halikuwahi kunywa hata lita moja ya mafuta. Rangi yake ilikuwa nyekundu. Liliishi ndani ya memori kadi, kidude chembamba kama kiberiti kilichokanyagwa, na kadi hiyo ilichomekwa kwenye mashine ya gemu katika kibanda cha bati pale kwetu Kinyangiri, wilaya ya Mkalama, mkoani Singida. Umeme ukikatika, gari nalo limekwenda kulala.

Najua, ndugu msomaji, utauliza: mtu mzima, amemaliza kidato cha nne, anajiita mwandishi, leo anatuletea habari za gari la kwenye televisheni? Hata mimi ningeuliza hivyo hivyo, kama usiku mmoja wa mwaka 2019 nisingekuwa nimekaa nyuma ya pikapu ya mjomba wangu, nimekishika kichwa cha bibi yangu mapajani. Lakini ngoja nianzie mwanzo.

Mwaka 2018, miezi michache baada ya matokeo kutoka na kunikuta sina la kusema mbele ya baba, binamu yangu aliniita. Alikuwa na kibanda cha gemu: televisheni mbili, mashine mbili kuukuu za PlayStation 2, na mabenchi matatu. Mechi moja ya mpira ilikuwa shilingi 200. Yeye alitaka kuzunguka vijijini kununua vitunguu, akawa anatafuta mtu wa kumwachia ufunguo.

"Wewe si unaandika vitabu?" akaniambia. "Kaa humo uandike. Ila mia mbili zangu usiziandike hewani."

Ni kweli nilikuwa naandika riwaya. Nilikuwa na kauntabuku nene, na kurasa za mwanzo tayari zilikuwa na kijana mmoja aliyetoroka kwao kwenda Dar es Salaam. Kila sura ilimkuta bado yuko stendi. Sikujua la kumfanyia, kwa sababu mimi mwenyewe Dar es Salaam sikuijua.

Wateja walikuja jioni, watoto wa shule na vijana waliotoka shamba, na wote walitaka mpira. Asubuhi kibanda kilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Katika mfuko wa nailoni zilimokaa diski kulikuwa na moja isiyo na mkwaruzo hata mmoja, maana hakuna aliyeitaka. Ilikuwa Gran Turismo 4, gemu la magari lililotoka Japani mwishoni mwa mwaka 2004, kazi ya bwana mmoja aitwaye Kazunori Yamauchi na wenzake. Watoto waliliita gemu la kusoma. Kabla hujakimbia inakubidi upitie kurasa kwa kurasa za Kiingereza, ufanye mitihani ya leseni, tena uhesabu fedha. Mtihani! Nani alipe mia mbili ili afanye mtihani?

Mimi niliyekuwa nimetoka kuanguka mitihani ya kweli nikaona hebu nijaribu hii. Nikakaa na kamusi magotini.

Gemu lile lina magari zaidi ya 700, lakini wanakuanzishia fedha 10,000 tu, kwa hiyo maskini anakwenda duka la magari yaliyotumika, kama huku kwetu. Humo nikalikuta Mazda Roadster la mwaka 1989, lile ambalo Ulaya linaitwa MX-5. Gari dogo lisilo na paa gumu, injini mbele, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Nililipendea udogo wake. Lilikuwa na sura ya mtu ambaye hajaudhika na lolote.

Sasa nilikuwa na imani moja, ambayo sijui nani aliniachia: gari la mashindano ni gumu, tena liko chini. Nikashindana mbio ndogondogo, nikakusanya fedha, nikanunua springi na shokapu za bei ghali kuliko zote, zile zinazokubali kurekebishwa kila kitu. Springi nikazisukuma hadi karibu na mwisho wa ugumu. Gari nikalishusha hadi likawa kama linalamba barabara. Nikaenda kulijaribu Tsukuba, uwanja mdogo wa Japani, mzunguko wake kilomita mbili na kidogo, lami yake laini kama meza. Nikapunguza sekunde mbili nzima! Nikageuza kauntabuku langu, nikaanza kuandika kutoka nyuma, kwa herufi kubwa: UGUMU NDIO MWENDO.

Tangu siku hiyo kauntabuku likawa na milango miwili. Mbele riwaya, nyuma gari.

Furaha yangu haikufika mwezi. Gemu lilinipeleka Nürburgring, Ujerumani, barabara ya mashindano iliyofunguliwa mwaka 1927 katikati ya milima na misitu, kilomita 20.8 kwa mzunguko mmoja, kona zaidi ya 70. Hii si meza. Ina migongo, ina mabonde, ina mahali ambapo gari linapaa kabisa. Roadster langu, lile lililonitii Tsukuba, huko lilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba asubuhi. Nikigusa breki juu ya mgongo, tairi halipo chini. Nikikata kona yenye mikunjo, linahama njia lenyewe, linakwenda kugonga ukuta. Katika gemu lile gari haliharibiki. Unagonga, unarudi barabarani, unaendelea. Nadhani ndiyo sababu nilichelewa kujifunza. Majuma matatu nilizilaumu tairi, nikailaumu pedi ambayo kitufe chake kimoja kilikuwa kinanata, nikawalaumu Wajerumani.

Hatimaye nikaenda kwa fundi. Huyu alikuwa na gereji yake chini ya mti, mzee wa makamo, mikono yake myeusi kwa oili hata siku za ibada. Sikumwambia kwamba ni gemu. Niliona haya.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, kijana. Umepata kazi?"

"Bado. Nina swali. Gari likipita kwenye migongo linaruka na kuhama njia. Springi zake ni ngumu, mpya. Tatizo nini?"

"Gari gani?"

"Mazda. Dogo."

"Lina uzito gani?"

Nikanyamaza. Nililijua gari lile kwa kila namba, nguvu zake, bei yake, mwaka wake, lakini uzito wake sikuwahi kuutazama.

"Basi kaulize uzito kwanza," akasema, akarudi kuinamia pikipiki. "Springi haina ugumu wake yenyewe. Springi iliyo ngumu kwenye Noah ni laini kwenye Fuso. Unatazama inabeba nini."

Nikarudi kibandani nikatazama. Kilo 940. Sasa hapa naomba msomaji univumilie, kwa maana hesabu hii ndiyo iliyonifungua macho, mimi ambaye hesabu ilikuwa imeniaibisha pale pale kwenye cheti. Ugumu wa springi kwenye gemu unapimwa kwa kilo zinazotakiwa ili kuibana milimita moja. Gari la kilo 940 likiwa limesimama, ukigawa sawasawa, kila gurudumu linabeba kilo 235. Tuseme springi ni ya kilo kumi kwa milimita. Uzito wa gari wenyewe utaibana milimita 23 na nusu tu. Tuseme ni ya kilo tano: itabanwa milimita 47.

Sasa fikiria gurudumu limefika kwenye shimo la milimita 40. Springi laini iliyobanwa milimita 47 bado ina akiba. Inajinyoosha, inalisukuma gurudumu hadi chini ya shimo, tairi linaendelea kuishika barabara. Springi ngumu imebanwa 23 tu. Ikijinyoosha yote imekwisha, na chini bado kuna nafasi. Kwa kitambo hicho tairi linaning'inia hewani, halishiki kitu, na gari halina dereva. Gari zito lingeibana springi hiyo hiyo vya kutosha. Gari jepesi haliwezi.

Nilifuta yale maneno ya herufi kubwa. Nikaandika: gari jepesi, springi ngumu, ni gari linaloning'inia.

Nikapunguza ugumu nusu nzima, nikalinyanyua gari kidogo. Sasa likashika migongo, lakini kwenye kona likawa linalala upande kama kitanda kilicholegea kamba, na baada ya kila mgongo linayumba mara tatu. Nikarudi kwa fundi, nikiwa na haya zaidi. Safari hii akaacha kazi akanieleza kwa mikono yake miwili, moja juu ya nyingine. Springi, alisema, kazi yake ni kubeba. Ukiibana itarudi, na ikirudi itapitiliza, na ikipitiliza itarudi tena. Shokapu kazi yake ni kuizuia isiendelee na mchezo huo. Watu wengi, alisema, gari likiyumba wanaongeza springi, kumbe shokapu ndiyo imekufa.

Basi nikaziacha springi laini, nikaongeza shokapu. Kisha nikaongeza stabilaiza, kile chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Chuma hicho kinafanya kazi gari linapolala upande mmoja, lakini magurudumu yote mawili yakipanda mgongo pamoja, hakina neno. Kwa njia hiyo nikapata kona bila kuitia barabara ugumu. Nikagundua pia kwamba mbele na nyuma ni kama watoto wawili wa sahani moja. Ukiongeza ugumu mbele, gari linagoma kukata kona. Ukiongeza nyuma, mkia unataka kutangulia. Sikupata badiliko hata moja lisilokuwa na malipo mahali pengine. Na nikajiwekea sheria: badilisha kitu kimoja, zunguka mara moja, andika. Ukibadilisha vitu viwili, hutajua kipi kilichokusaidia.

Miezi miwili baadaye nilikuwa nimepunguza karibu sekunde arobaini katika mzunguko mmoja wa Nürburgring. Ndipo nikamwambia fundi ukweli. Alicheka hadi akashika mti. Lakini jioni alikuja, akakaa kwenye benchi katikati ya watoto, akatazama gari lile jekundu likipita kwenye migongo bila kuruka. Akasema taratibu, "Limekaa." Sijawahi kupata cheti kilichonifurahisha kama neno hilo.

Siku hiyo akatusimulia Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Alitusimulia jinsi mwaka 1974, wakati mvua zilipogeuza barabara kuwa tope, Joginder Singh wa Kenya alivyoshinda kwa Mitsubishi Lancer, kijigari kidogo mbele ya magari yenye nguvu zaidi. Magari ya Safari, alisema, hayalambi chini. Yananyanyuliwa, yanapewa nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka, kwa sababu anayepanga springi ni barabara. Baadaye, nilipopata simu yenye intaneti, nilisoma kwamba hata waliotengeneza Roadster langu walijifunza kwa Lotus Elan, gari la Kiingereza la mwaka 1962, na kwamba Colin Chapman, mwenye kampuni ya Lotus, alikuwa akitengeneza magari mepesi yenye springi laini na shokapu zinazojua kazi. Kumbe Chapman na fundi wa Kinyangiri wangeelewana bila mkalimani.

Haya, hadi hapo ilikuwa mchezo. Sasa nifike kwenye pikapu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na pikapu ya milango miwili. Msimu wa vitunguu na alizeti ndiyo iliyolisha nyumba yake, na ndiyo iliyonilipia mimi ada. Ili ibebe zaidi, alikuwa ameongezewa vyuma bapa viwili kwenye springi za nyuma, kila upande. Ikiwa na mzigo wa tani moja ilitembea kwa heshima. Ikiwa tupu, iliruka hata kwenye kivuli cha mti. Sisi wapwa tulizoea. Tulikuwa tunasimama nyuma tukishika bomba na kucheka.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anaishi kwa huyo mjomba. Alikuwa mwembamba, nadhani hakuzidi kilo arobaini na tano, na kwa utani wa kwetu mimi nilikuwa mume wake. "Mume wangu," alikuwa akiniambia nikienda kumsalimia, "hicho kigari chako cha kwenye ukuta kitanibeba lini?" Nami nilikuwa namjibu kwamba nakitengeneza viti kwanza.

Julai 2019, ule mwezi upepo wa Singida unapouma masikio, Bibi aliteleza usiku kwenye kizingiti cha jikoni. Nilipofika, mguu wake wa kulia ulikuwa umegeukia nje na umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Hakulia. Alikuwa anauma ncha ya khanga. Tulimpandisha nyuma ya pikapu juu ya godoro, kwa sababu kumkalisha mbele haikuwezekana. Mama na mimi tukapanda naye, mjomba akashika usukani, tukaondoka kwenda hospitali Singida mjini. Hadi kuifikia lami pale Iguguno, wakati ule njia yote ilikuwa ya vumbi, na kiangazi kilikuwa kimeitengeneza mawimbi madogo madogo ya changarawe, yale yanayofanya meno yagongane.

Wimbi la kwanza tu, nilijua.

Nilijua kama ninavyolijua jina langu. Nilijua kwamba zile springi zilikuwa zimetengenezwa kwa tani moja ya vitunguu na sasa zinabeba watu watatu, mmoja wao kama kapu tupu. Nilijua kwamba hazijabanwa hata kidogo, kwamba gurudumu likiingia kwenye bonde linaning'inia, na likipanda linalipiga bodi lote juu. Ningeweza kuichora hesabu yake kwenye vumbi la kioo. Na kila pigo lilipita kwenye godoro, likapita kwenye ule mfupa, na Bibi akatoa sauti ambayo sitaiandika.

Nami nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu mjomba alikuwa ameendesha barabara ile miaka mingi kabla sijazaliwa. Nilinyamaza kwa sababu mimi ni kijana wa kibanda cha gemu, niliyeanguka mtihani, na elimu niliyokuwa nayo niliipata kwenye diski ambayo hata watoto waliikataa. Nitamwambiaje mtu mzima, usiku, mama yake anaumia, kwamba nimesoma jambo hili Nürburgring? Nilimshika Bibi kichwa nikahesabu mapigo. Sijui tulikwenda kilomita ngapi hivyo. Zilinitosha.

Kisha Bibi akafungua macho akanitazama. "Mume wangu," akasema, "mwambie aniache hapa."

Niligonga kioo kwa ngumi. Mjomba akasimama, akashuka akidhani mambo yameharibika.

"Mjomba, tunahitaji mzigo," nikasema.

"Mzigo gani?"

"Mzigo wowote. Gari ni jepesi, springi ni ngumu. Tukiweka mzigo nyuma zitabanwa, hazitarusha. Na tupunguze upepo kwenye tairi za nyuma."

Alinitazama kwenye mwanga wa taa za nyuma. "Mjomba," akasema, kwa maana nasi huitana hivyo hivyo, "mama yangu anakufa, wewe unaniletea gemu?"

Mama ndiye aliyeniokoa. Alisema kwa sauti ndogo kutoka juu ya godoro: "Kaka, mwezi uliopita tulipompeleka yule mgonjwa juu ya magunia, gari halikuruka hivi."

Mjomba hakujibu. Alienda nyuma ya kiti, akavuta beleshi. Tulikuwa tumesimama karibu na korongo la mchanga. Mifuko ya kwanza niliyoikamata ilikuwa ile ya wavu ya vitunguu. Mchanga ukamwagika wote, nikajiona mjinga kuliko siku zote. Akanirushia mifuko ya salfeti ya alizeti. Tulijaza sita. Mikono yangu ilitetemeka, mchanga ulikuwa baridi kama maji. Tuliipanga juu ya ekseli ya nyuma, tukamsogeza Bibi mbele karibu na kabini, mahali panaporuka kidogo zaidi, tukapunguza upepo wa tairi kwa kijiti, tukisikiliza tu kwa masikio.

Tukaondoka. Sitadanganya kwamba pikapu iligeuka kitanda cha hospitali. Ilikuwa bado pikapu, barabara bado ilikuwa barabara. Lakini yale mapigo makali yalikufa. Gari likawa linapanda na kushuka polepole, kama mtu anayepumua. Bibi akaiachia khanga kutoka mdomoni. Tulipofika Iguguno mjomba alisimama kwenye lami, akaja nyuma, akamtazama mama yake, kisha akanitazama mimi. Nilidhani atanisifu. Akasema:

"Ulijua tangu nyumbani?"

Nikasema, "Ndiyo, mjomba."

"Mbona hukusema?"

Swali hilo sikulijibu usiku ule, wala sijalijibu vizuri hadi leo. Bibi alitibiwa, akarudi, akatembea kwa mkongojo miaka miwili mingine, akaniita mume wake hadi mwisho. Hakuwahi kunilaumu. Alikuwa akiwaambia wageni kwamba alipelekwa mjini kwa gari la mumewe, lenye viti vya mchanga. Wageni walicheka. Mimi nilikuwa natazama chini, kwa sababu nilikuwa nazikumbuka zile kilomita za kwanza.

Ndugu zangu mnaoandika katika kurasa hizi, wengi wetu tumemaliza shule bila kuwa na karatasi ya kuonyesha. Tunaijua dunia vipande vipande: kwa redio, kwa diski za kukodi, kwa kusikiliza mafundi, kwa kamusi iliyochanika. Tumezoea kuona kwamba kitu kilichojulikana kwa njia hiyo hakina haki ya kusemwa mbele ya watu. Nami nilikuwa hivyo. Nilidhani elimu inauliza umetoka wapi. Lakini mfupa wa Bibi haukuuliza.

Kijana wa riwaya yangu nilimtoa stendi ya Dar es Salaam. Nilimrudisha Kinyangiri, nikampa kazi gereji. Nikaanza kumwandika kama nilivyokuwa nalirekebisha gari: kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha nasoma tena kurasa zote. Nilikuwa namwekea maneno mazito kwa sababu nilidhani riwaya lazima iwe na ugumu wa riwaya. Sasa kila ninapoandika namuuliza kwanza uzito wake. Kurasa za mbele za kauntabuku zimekutana na zile za nyuma, na siku hizi sijui tena vizuri wapi gari linaishia na wapi kijana anaanzia.

Kibanda cha binamu kilifungwa, na ile memori kadi ninayo. Mwaka 2021, Safari Rally iliporudi katika mashindano ya dunia huko Naivasha baada ya kukosekana tangu 2002, fundi aliniita gerejini tukatazama vipande vyake kwenye simu yangu. Magari yalikuwa yanapita kwenye vumbi na mawe, magurudumu yanapanda na kushuka, bodi limetulia. "Yamekaa," nikasema mimi. Akatikisa kichwa kukubali.

Zile springi mjomba hakuzipunguza. Hangeweza, vitunguu ndivyo vinavyolipa. Lakini mifuko sita ya mchanga ipo hadi leo uani kwake, imepangwa kando ya ukuta, imefunikwa turubai isioze kwa mvua. Usiku mmoja mwaka jana jirani alikuja mbio, mkewe ameshikwa na uchungu. Nilitoka ndani nikiwa bado nafunga mkanda, maneno yakiwa tayari mdomoni. Sikuhitaji kuyasema. Mjomba alikuwa ameshawasha taa, amelifungua bodi la nyuma, na anaupandisha mfuko wa pili.